Uzi wa Meno ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, tukiwa kwa daktari wa meno. Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu. Hizi za nyuma ni tupu, na kwa mvua hii sioni mteja wa kuzijaza, kwa hiyo naandika mimi.

Mke wangu alifariki Desemba. Nimebaki na mama yake, ambaye ndiye mwenye nyumba. Hatukujaliwa mtoto. Chumba cha mbele nashonea, cha kati ni cha Mama, cha nyuma ni changu. Mama alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia wote ukalala. Sasa anatoa maneno mawili matatu kwa taabu, yeye aliyekuwa opereta wa simu miaka ishirini na saba, sauti yake ikijulikana katika kila ofisi. Lakini meno anayo yote. Ana miaka sabini na mmoja na hajang'olewa hata jino moja.

Daktari ni binti mdogo mwenye mikono myepesi. Alipogusa fizi zikatoka damu. Magego mawili ya chini yanacheza. Akauliza ni nani humpitishia uzi wa meno. Nikasema alikuwa mke wangu. Akauliza, na sasa? Tangu Desemba mimi humpa mswaki tu, anajisugua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, basi. Uzi unataka mikono miwili na yeye ana mmoja.

Amesema nimpitishie uzi kila siku, jino hadi jino, halafu turudi mvua zikikatika. Fizi zikipona, meno yatabaki. Zisipopona atang'oa yote ya nyuma, na ya mbele nayo hayatakaa sana.

Jioni nilimpigia shemeji, kaka wa marehemu, anayekaa mji wa ng'ambo ya mto. Alinijibu kwa upole kwamba meno yakitoka atakuja kumchukua mama yake, maana mtu asiye na meno hupondewa kila kitu, na hiyo si kazi ya mwanamume peke yake. "Na wewe utakuwa huru, shemeji," alisema. "Utakwenda kwa dada yako." Dada yangu ana duka kubwa la kushona, na tangu msiba ananiita nikawe mkataji wake.

Nilipokata simu nilikaa nikitazama maji yanavyoteremka kichochoroni. Mambo yamekaa wazi kabisa. Meno yakipona, nabaki. Yakiharibika, naondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejaribu kwa vidole. Sijui niandikeje.

Miaka kumi na minane ya ndoa sikuwahi kukaa kwenye kiti kinachotazamana na cha mama mkwe. Akipita mlangoni, mimi nilirudi nyuma. Aliniita Fundi, nami nilimwita Mama, na hapo katikati mke wangu alisimama akipeleka maneno huku na huku. Leo nimeweka vidole vyangu kinywani mwake. Amefumba macho. Nilipofika kwenye magego akafunga meno, si kwa nguvu, lakini nilikwama pale na kidole changu kama mtu aliyebanwa na mlango wa basi. Nilisema, "Mama, samahani." Akafungua. Nikatoa kidole. Tukaishia hapo.

Mke wangu alizungusha uzi kwenye vidole vyake viwili, akamwambia, "Mama, fungua mlango." Mama akafungua. Akimaliza, vidole vilibaki na alama kama za pete, naye aliniletea nivione, akijidai ameumia.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Hakuna mteja. Nimepitisha uzi meno ya mbele tu.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Jirani anayekuja asubuhi kumwogesha Mama nimemwomba anisaidie na kinywa. Amecheka. "Mwili wote nitauosha, fundi, lakini mdomoni siingii. Mle mna meno thelathini na mawili na hasira za ofisi ya simu."

Jumanne, 12 Machi

Kile kikopo cha uzi alichokiacha mke wangu kimekwisha. Kichochoro kimejaa maji. Nimetumia uzi wangu wa kushonea suruali nzito. Huo naujua, hauwezi kukatika.

Ijumaa, 15 Machi

Umekatika. Haukukatika mara moja, ulichanika nyuzinyuzi, na kipande kikabaki kati ya magego ya chini, juzi. Sikuona. Nilidhani nimeutoa wote.

Leo asubuhi jirani amenipigia kelele kutoka chumba cha kati. Shavu la Mama limevimba kama ameficha yai. Haongei, hanywi. Nimempigia daktari nikamweleza kwa aibu. Aliniuliza kama nina akili timamu, halafu akaniomba radhi. Alieleza kwamba uzi wa cherehani umesokotwa, ukipita penye ncha ya jino unafumuka, na unachokiacha kinachimba ufizi kama mwiba. Mimi nimeshika uzi miaka thelathini na sikuujua.

Kwake hatufiki, maji yamefika magotini kwa mtu mrefu na hakuna gari linalokubali kuingia. Akanielekeza. Jirani alivua viatu akaenda duka la dawa kuchukua uzi wa meno wenyewe na dawa ambayo daktari aliagiza kwa simu. Nikapiga fundo dogo katikati ya uzi. Nikaupitisha kati ya yale magego mawili, nikauvuta kwa ubavu ili fundo lizoe kilichobaki. Jirani alishika tochi akiwa ametazama ukutani. Mara ya kwanza haikutoka kitu. Mara ya pili damu. Mama alinishika mkono wa shati kwa mkono wake wa kushoto, na nikadhani ananisukuma, kumbe ananivuta niendelee. Mara ya nne fundo lilitoka na kinyuzi cha rangi ya buluu, urefu wa ukucha. Nilikiweka kiganjani nikamwonyesha. Alikitazama muda mrefu.

"Suruali," alisema.

Jirani akacheka hadi tochi ikaanguka. Mimi sikuweza.

Jumanne, 19 Machi

Uvimbe umeshuka. Daktari amesema vidole vyangu ni vinene mno kwa kinywa cha mtu mwingine. Nitafute mpini wa uzi wa meno. Si vile vidogo vya kutupa, ambavyo uzi wake ni mfupi na haukazwi, bali mpini wa kudumu, ambao unabadilisha uzi tu. Mvua.

Jumapili, 24 Machi

Mvua imepumzika kwa saa mbili hivi. Nimekwenda duka la dawa. Muuzaji ni mama wa makamo tunayemwita Miwani, kwa sababu ana mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na huitafuta ile ya kichwani kutwa.

Alinitolea mipini miwili. Wa kwanza ni mwembamba kama kalamu, kichwa chake kimekaa sambamba na mpini, kama msumeno mdogo, na uzi unabanwa kwenye mfereji. Wa pili una kichwa kilichosimama, meno mawili kama panda ya manati, shingo yake imepinda, mpini umejaa mkononi, na uzi unazungushwa kwenye kifungo unachokaza kwa gumba. Miwani alinieleza bila kuficha: ule mwembamba ni wa meno ya mbele, na uzi wake hulegea haraka. Kwa magego, chukua panda.

Nikachukua ule mwembamba.

Miwani alinitazama juu ya miwani yake. "Meno ni ya nani?" aliuliza. Nikasema ya mkwe wangu. Akasema, "Aa," akafunga.

Sijui kwa nini nimechukua ule. Labda kwa sababu ni mrefu zaidi na mkono wangu utakaa mbali na uso wake. Nadhani ni hivyo.

Jumatatu, 25 Machi

Nimepitisha uzi. Ulilegea kwenye gego la pili.

Jumanne, 26 Machi

Nimepitisha uzi. Ulilegea.

Jumamosi, 30 Machi

Ulilegea. Damu kidogo. Mama anafungua kinywa mapema sasa, kabla sijaomba. Mimi ndiye nachelewa.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua siku nzima. Kivuko cha mto kimefungwa. Nimeshona kitufe kimoja, na ni cha shati langu.

Ijumaa, 5 Aprili

Dada amepiga. Amenunua meza mpya ya kukatia, ndefu kiasi cha kutandika suti nzima bila kukunja, nayo imewekwa karibu na dirisha. Aliniambia dirisha linatazama barabara yenye watu. Sijaona mtu tangu asubuhi isipokuwa Mama na mbwa wa mtu aliyekuwa anatafuta pakavu.

Baada ya simu nilikwenda kumpitishia uzi. Nilihesabu meno kimoyomoyo, nikaruka manne ya nyuma kila upande. Nilijisemea kwamba mpini haufiki.

Mpini haufiki, ni kweli. Lakini niliambiwa haufiki kabla sijaununua.

Alhamisi, 11 Aprili

Kuta za chumba changu zinatoa jasho. Niliegemeza suti ya mteja ukutani ikashika ukungu begani. Nimesikia mvua hadi siisikii tena. Nikitoka chumba changu naingia chake, nikitoka chake naingia cha cherehani, na nikifungua mlango wa mbele ni maji. Yeye naye amelala katikati, kila njia yangu inapita kwake. Sijui kati yetu nani amemfungia mwenzake.

Jumatano, 17 Aprili

Nimepitisha uzi meno ya mbele. Shemeji amepiga kuuliza fizi zikoje. Nikasema bado. Akasema, "Basi, tutaona mvua zikikatika." Sauti yake haikuwa na haraka wala uchungu. Mama alikuwa anasikiliza.

Jumapili, 21 Aprili

Lazima niandike hili kama lilivyokuwa.

Leo niliamka mapema kuliko kawaida kwa sababu paa linavuja juu ya kitanda changu. Nilipochukua ndoo, niliona mlango wa Mama uko wazi nusu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameegemeza kioo kidogo kwenye mto. Mkono wa kushoto umeshika ule mpini mwembamba. Udenda ulikuwa unamshuka hadi kwenye khanga. Alikuwa anajaribu kufikia magego, na mpini unateleza, maana ni mwembamba na vidole vyake havikazi vizuri. Uzi ukachomoka kwenye mfereji. Akaweka mpini mapajani, akajaribu kuurudisha uzi kwa kidole kimoja. Ukachomoka. Akaurudisha. Nilisimama na ndoo yangu tupu nikahesabu mara tisa. Hakulalamika hata mara moja. Alikuwa na sura ya mtu aliye kazini.

Kwenye bakuli la kutemea, kulikuwa na damu iliyokauka ya siku nyingi. Niliielewa hapo hapo. Nilidhani jirani ndiye hakuliosha. Kumbe kila asubuhi, kabla sijaamka, amekuwa akitafuta yale manane niliyoyaruka.

Niliingia. Akaficha mpini chini ya mto, kama mtoto.

Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukuniambia mpini haufiki?"

Akahangaika na neno, likakataa. Akagonga kitanda kwa kiganja, kisha ukuta, kisha sakafu kwa kisigino cha mguu mzima.

"Hapa," alisema. "Nife hapa. Na meno."

Nilikwenda kuweka ndoo chini ya tundu la paa nikakaa nikisikiliza matone. Miaka yote nilimwona mwanamke mkavu aliyenivumilia kwa ajili ya binti yake. Mwezi huu wote nimeona mlango uliofungwa. Sikuona mtu anayeng'ang'ania kitu. Na mimi ndiye nilikuwa namwachisha, jino kwa jino, kwa mpini niliouchagua kwa mikono yangu nikijua. Sikumpiga mtu, sikuiba. Nilichagua kitu kibaya dukani, basi. Lakini nilijua.

Jumatatu, 22 Aprili

Maji mapajani. Nilikunja suruali, haikusaidia kitu.

Miwani alinitolea ule wa panda bila kuniuliza. Nikamwomba aufungue niujaribu. Nikazungusha uzi kwenye kifungo, nikaupitisha juu ya meno mawili ya panda, nikaurudisha na kukaza, kisha nikauchokoa kwa ukucha kama ninavyojaribu uzi wa cherehani kabla ya kushona hariri. Ulikaza. Nikaubonyeza kwa gumba, haukulegea.

Miwani akasema mikono yangu ni mikubwa, nichukue wa saizi ndogo nisimuumize mgonjwa. Nikamwambia hautashikwa na mimi. Utashikwa na mkono wa kushoto ambao hauna nguvu sana. Akavua miwani ya machoni, akavaa ile ya kichwani, akatafuta chini ya kaunta hadi akapata wenye tumbo nene zaidi, wa mpira, usioteleza ukilowa. "Ungesema hivyo tangu mwanzo, baba," alisema, "ningekuokolea safari."

Nyumbani niliuzungushia ukanda wa kitambaa kigumu, nikashona kitanzi cha kupitisha kiganja. Hiyo kazi naijua. Nilimvalisha. Akafunga vidole, akafungua, akafunga.

Kisha akaniambia, "Toka."

Nikatoka. Akasukuma mlango kwa mguu.

Jumanne, 23 Aprili

Nimetunga uzi, nimempa, nimetolewa nje. Dakika kumi na mbili.

Jumapili, 28 Aprili

Nimetunga uzi. Dakika tisa. Sasa sina la kufanya kinywani mwake, na nimegundua kwamba nilikuwa nimeizoea saa ile. Nasimama nje ya mlango wake. Leo nimekumbuka mke wangu alivyokuwa anapiga miayo kila alipomaliza kazi hii, kila siku bila kukosa, miayo mikubwa yenye sauti, hata mimi nikipiga miayo nikiwa chumba cha mbele mguu ukiwa kwenye pedali.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua nusu siku. Wateja wawili. Bakuli la kutemea lilikuwa jeupe.

Alhamisi, 9 Mei

Dada amepiga. Ameuliza bila kuzunguka, "Unakuja au nitafute mwingine?" Nikamwambia angoje mvua zikatike. Akasema kila mtu mwaka huu anangoja mvua zikatike.

Jumatano, 15 Mei

Jua saa tatu hadi saa saba. Mama ameomba kiti mlangoni. Jirani alimtania kwamba anataka kuonyesha watu meno. Akayaonyesha.

Jumatatu, 20 Mei

Kivuko kimefunguliwa. Shemeji anakuja Jumatatu ijayo.

Usiku sikulala vizuri. Nataka fizi ziwe zimepona. Nataka pia zisiwe zimepona. Vyote viwili nimevitaka kwa moyo mmoja, na sijisingizii.

Jumatatu, 27 Mei

Shemeji alifika na gari safi. Alimsalimia mama yake, akamkumbatia, akaniambia nimekonda. Kwenye kiti cha nyuma aliweka blanketi na mto mpya. Niliuona ule mto nikajua kwamba alikuja tayari kumchukua, na kwamba hakuwa na nia mbaya.

Daktari alichungulia muda mrefu. Gego moja la chini, lile la uzi wa suruali, litatoka, halina la kushika. Mengine yamekaza. Fizi zimebana. Aliniuliza nimefanyaje. Nikaeleza kwamba si mimi, natunga uzi tu. Akamgeukia Mama akamwomba amwonyeshe. Mama akapitisha kiganja kwenye kitanzi, akaonyesha, juu na chini, taratibu, huku mwanawe amesimama pembeni na funguo za gari mkononi.

Gego lilitoka leo leo. Mama aliliomba, akafungiwa kwenye karatasi.

Njiani shemeji alisema, "Basi hakuna haja ya kumhamisha. Anaendelea vizuri hapa." Alisema kama mtu aliyetua mzigo, na ninamwelewa, kwa sababu mzigo ukituliwa lazima ukae mahali. Alipoondoka aliniachia ule mto.

Jumanne, 28 Mei

Jua siku nzima. Kichochoro kimekauka, kimeacha viatu vya watu visivyo na wenza.

Jioni nilimpelekea Mama mpini wenye uzi mpya. Hakuupokea. Shavu lilikuwa na pamba, maneno yakitoka kwa shida kuliko kawaida, kwa hiyo aliyachagua.

"Ule wa kwanza," alisema. "Ulijua ni mbaya."

Nilitafuta pa kutazama. Nikasema, "Nilijua, Mama."

"Ulitaka niende."

"Ndiyo, Mama."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia namba ya simu na kuithibitisha kabla ya kuunganisha. Nilingoja anifukuze. Nyumba ni yake.

"Umechoka," alisema. Kisha, baada ya kuhangaika sana, "Nenda kwa dada yako. Jirani yupo. Nifundishe kutunga."

Nikamwambia kutunga ule uzi kunataka mikono miwili. Akanitazama kwa jicho alilokuwa akiwatazamia, nadhani, watu waliodai kwamba laini haipatikani.

Nikafikiri. Nikavuta droo ya meza yake, nikalaza mpini ukingoni, kichwa kikiwa nje, nikamwonyesha aisukume droo kwa kiwiko cha kushoto hadi ibane. Mpini ukatulia. Nikamwonyesha: mizunguko mitatu kwenye kifungo, kisha jino la kwanza la panda, kisha la pili, kisha kurudi, kisha kukaza. Nilifanya mara moja, nikafumua.

Alianza. Mzunguko wa kwanza ulikaa. Wa pili ukaruka. Alirudi mwanzo. Nilikalia mikono yangu yote miwili ili isiende yenyewe. Alifika hadi jino la pili la panda, uzi ukamponyoka, mpini ukaanguka ndani ya droo. Akautoa. Akaanza tena. Mara ya sita alimaliza, lakini uzi ulikuwa umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na kifungo kilimgomea gumba.

Aliketi akapumua. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Kesho tena," alisema.

Nikamwambia, "Hakuna haraka, Mama."

"Ipo," alisema, na akaanza tena pale pale.